Mstari Mmoja Kwenye Faili: Jina la Kabila, Jenetiki ya Tiba na Waroma wa Ulaya

Agosti 2000, katika hospitali moja mashariki mwa Slovakia, mama mmoja alipelekewa karatasi ya kufungwa kizazi akiwa katikati ya uchungu wa kujifungua. Akatia sahihi. Faili lake la ujauzito na uzazi lilikuwa na mstari mfupi: mgonjwa ni wa asili ya Kiroma. Kesi ilipofika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, serikali ilijitetea kwamba mstari ule uliandikwa kwa sababu wagonjwa Waroma mara nyingi huwa hawajapata huduma ya kutosha, hivyo wanahitaji uangalizi wa pekee. Novemba 2011 majaji walimpa mama haki yake. Kuhusu mstari wenyewe walisema kwamba kuandika asili ya mgonjwa bila maelezo yoyote kunaonyesha namna wahudumu walivyokuwa wakimtazama.

Sasa upeleke mstari huo huo kwa daktari mwingine, anayemhudumia kichanga wa wiki tatu ambaye mboni za macho yake zimeanza kuwa nyeupe. Akijua kwamba babu na bibi wa kichanga huyo, upande wa baba na upande wa mama, ni Waroma wa Bulgaria, ataagiza kipimo kimoja cha bei nafuu, na kwa kubadilisha maziwa tu anaweza kuokoa macho ambayo vinginevyo yangesubiri kisu. Asipojua, wiki zinapita.

Maneno ni yale yale, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Ugomvi mwingi kuhusu kabila na jenetiki unatokana na kuchanganya kazi hizo, na mara nyingi anayezichanganya ni mtu mwenye nia njema.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Waroma si Warumi wa Biblia, wala si raia wa Romania, ingawa wengi wanaishi huko. Katika Kiromani, lugha yao, neno "rom" lina maana ya mwanamume au mume. Ulaya nzima wanakadiriwa kuwa milioni 10 hadi 12. Jina la Kiingereza "Gypsy" lilitokana na dhana potofu kwamba walitoka Misri. La Kijerumani, "Zigeuner", wengi wao wanaliona ni tusi. Asili yao ni kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na ushahidi wa kwanza ulikuwa lugha, tangu wasomi wa Ujerumani walipoichunguza miaka ya 1780. Mwenyeji wa Mombasa au Dar es Salaam aliyezoea kusikia wenye maduka wakihesabu kwa Kihindi au Kigujarati hatapata taabu hapa: tano kwa Kiromani ni "pandž", na maji ni "pani".

Jahazi na watu arobaini

Watu wengi, madaktari wakiwemo, husikia kwamba Waroma wana magonjwa ya kurithi yasiyopatikana kwingine, kisha wanahitimisha: basi wanaoana ndugu kwa ndugu. Zipo jamii za Waroma ambako ndoa za ndugu ni za kawaida, kama zilivyo kwa baadhi ya familia za pwani yetu na za Omani. Lakini hiyo siyo sababu kuu, na anayeanzia hapo atakosea mahesabu yote yanayofuata.

Fikiria jahazi linaloshusha watu 40 kwenye kisiwa kitupu. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mmoja kati yao ana nakala moja mbovu ya jeni fulani. Nakala nzuri inatosha kufanya kazi, kwa hiyo mwenyewe ni mzima na hajui lolote. Huyo ni mbebaji. Bara alikotoka, wabebaji wa hitilafu hiyo huenda ni mmoja kwa kila watu 1,000. Kisiwani, tangu siku ya kwanza, ni mmoja kwa kila 40. Kisiwa kikifikisha watu 40,000 bila wageni wengi kuingia, uwiano huo unaweza kubaki vile vile, au kwa bahati ya vizazi vichache vya mwanzo ukapanda hadi mmoja kwa 20, au hitilafu ikapotea kabisa. Hakuna aliyeoa binamu. Kilichotokea ni kwamba waanzilishi walikuwa wachache.

Waroma walipanda jahazi kama hilo mara nyingi. Kundi dogo liliondoka India yapata miaka 1,500 iliyopita, kwa makadirio ya utafiti wa vinasaba wa mwaka 2012 uliolinganisha makundi 13 ya Waroma. Kundi hilo lilifika Balkani, likagawanyika, na vipande vikaendelea kuelekea magharibi na kaskazini, kila kipande kikiwa na waanzilishi wake wachache. Wallachia na Moldavia, sehemu za Romania ya leo, Waroma walikuwa watumwa wa dola, wa monasteri na wa matajiri hadi miaka ya 1850, na kuoana nje ya kundi halikuwa jambo la hiari. Kwa hiyo kile wanachokiita "kujitenga kwa Waroma" kwa sehemu kubwa kiliwekwa na sheria za watu wengine.

Ndiyo maana mtaalamu wa jenetiki Luba Kalaydjieva, ambaye timu yake ndiyo iliyofumbua mengi ya magonjwa haya, hakuwaelezea Waroma kama jamii moja ya waanzilishi bali kama mkusanyiko wa jamii nyingi za waanzilishi. Tofauti za vinasaba kati ya kundi moja la Waroma na jingine zinaweza kuwa kubwa kuliko zile kati ya mataifa mawili ya Ulaya yaliyo mbali. Na sehemu kubwa ya vinasaba vya Waroma wa leo, zaidi ya nusu, ni ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Mchanganyiko huo umekuwapo kwa karne nyingi, japo husikii ukitajwa sana.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna maneno ya kulipanga jambo hili vizuri: ukoo, mlango, kabila, taifa. Kwenye fomu za utafiti "Roma" huwekwa kwenye ngazi ya kabila, pengine hata taifa, wakati hitilafu za jeni ziko kwenye ngazi ya mlango na ukoo. Kuna Kalderash, waliokuwa wafua shaba. Lovari, wafanyabiashara wa farasi. Rudari, ambao wengi wao hawasemi Kiromani bali Kiromania. Erli wa Bulgaria. Sinti wa Ujerumani. Manouche wa Ufaransa. Kale wa Hispania na wengine wa jina hilo Finland. Hitilafu iliyojaa kwa Rudari unaweza usiikute kabisa kwa Sinti.

Magonjwa yenyewe

Turudi kwa kichanga. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa tumboni kuwa glukosi na galaktosi. Galaktosi inahitaji kimeng'enya kiitwacho galaktokinesi, ambacho maelekezo yake yako kwenye jeni ya GALK1. Kwa Waroma wa makundi kadhaa ya Balkani iko hitilafu moja ya jeni hiyo, inayoandikwa P28T. Mtoto mwenye nakala mbili mbovu hunyonya vizuri, huongezeka uzito, ini liko salama. Ila galaktosi iliyokosa pa kwenda huingia kwenye lenzi ya jicho, hugeuzwa kuwa galaktitoli, na galaktitoli haiwezi kutoka tena. Inavuta maji, lenzi inavimba, ukungu unatanda macho yote mawili. Ni mtoto wa jicho kwa mtoto wa wiki chache. Dawa ni kuacha maziwa ya mama na ya ng'ombe na kutumia maziwa yasiyo na laktosi, kama ya soya. Likifanyika mapema ukungu unaweza kurudi nyuma.

Ajali hutokea maabara. Nchi nyingi hupima watoto wachanga kwa tone la damu la kisigino, lakini baadhi ya programu hupima kimeng'enya kingine tu, GALT, kile cha aina ya ugonjwa inayoua ini. Majibu yanarudi "galaktosemia: hakuna", daktari anaridhika, macho yanaendelea kuharibika. Kipimo kimejibu swali lililoulizwa. Anayetaka kuunasa ugonjwa huu lazima apime jumla ya galaktosi kwenye damu, au aagize GALK1 kwa jina.

Mfano wa pili unasumbua zaidi wataalamu, na kwangu ndio hoja nzito kuliko zote ya kuuliza asili ya mgonjwa. Ugonjwa unaofupishwa CCFDN huleta mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, macho madogo, kisha udhaifu wa miguu na mikono kadiri neva zinavyoharibika, na sura inayobadilika kidogo kidogo. Wagonjwa wa aina hii wakipewa dawa ya usingizi kwa upasuaji wanaweza kupata maji mapafuni, kubanwa koo au degedege. Wakiugua homa ya virusi misuli yao inaweza kuanza kuvunjika ghafla. Kwa hiyo unataka kujua kabla ya kumpeleka mtoto chumba cha upasuaji wa macho. Karibu wote waliothibitishwa ni Waroma, hasa Rudari, na wana hitilafu ile ile moja kwenye jeni ya CTDP1.

Tatizo ni mahali ilipo. Kipimo kinachopendwa siku hizi husoma eksoni zote, yaani zile sehemu za jeni zinazobeba maelekezo ya protini, ambazo ni kama asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vyote, pamoja na herufi chache za vinasaba zilizo pembeni. Hitilafu ya CTDP1 iko herufi 389 ndani ya introni, yaani kipande kilicho kati ya eksoni na eksoni, eneo ambalo kipimo hicho hakifiki. Unalipa gharama kubwa, unasubiri majibu, ripoti inasema hakuna kilichoonekana, na kweli hakuna kilichoonekana kwa sababu hakuna aliyeangalia pale. Ugonjwa wa neva uitwao HMSN-Russe, wa jeni ya HK1, una mtego wa aina hiyo hiyo. Kipimo kidogo cha PCR kinacholenga herufi moja kingemaliza kazi kwa siku mbili tatu.

Mengine niyataje upesi. HMSN-Lom, ya jeni ya NDRG1, hudhoofisha miguu tangu utotoni na baadaye huondoa usikivu. Lom na Ruse ni miji ya Bulgaria kando ya mto Danube, na nawasifu waliochagua kuyaita magonjwa kwa majina ya miji badala ya majina ya watu. Kuna presha ya macho ya kuzaliwa nayo ya jeni ya CYP1B1, iliyoelezwa kwa Waroma wa Slovakia. Kuna udhaifu wa misuli wa jeni ya CHRNE, ambapo kope huanguka na mtoto huchoka upesi. Hitilafu hiyo hiyo imekutwa pia India na Pakistani ikiwa imezungukwa na alama zile zile za kromosomu, ushahidi kwamba ilisafiri tangu mwanzo wa safari. Udhaifu huo una dawa ya vidonge ya bei nafuu, na kuuita kwa jina jingine ni kumnyima mtoto vidonge hivyo. Halafu kuna uziwi wa jeni ya GJB2: vifaa vya kupimia vilivyotengenezwa kwa Wazungu wengi hutafuta hitilafu ya 35delG, lakini kwa Waroma wa Slovakia inayotawala ni W24X, ile ile iliyoenea India.

Hesabu inavyoharibika

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano. Wabebaji kwenye kundi fulani ni mmoja kwa 20. Uwezekano wa baba na mama wote kuwa wabebaji ni 1/20 mara 1/20, sawa na 1/400. Kila ujauzito wa wazazi wa namna hiyo una nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Jumla: mtoto mmoja kwa 1,600. Nje ya kundi, tuseme wabebaji ni mmoja kwa 250. Hapo ni mtoto mmoja kwa 250,000. Mzazi mmoja wa ndani na mmoja wa nje: mmoja kwa 20,000. Angalia pengo kati ya mistari hiyo mitatu. Muuguzi akiandika "Roma" kwa sababu mama amevaa sketi ndefu na hakumuuliza kuhusu baba, amemrusha mtoto kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa kukisia nguo.

Sasa majibu ya "hana". Mtu anayetoka kundi la mmoja kwa 20 amepimwa na kifaa kinachonasa asilimia 95 ya hitilafu za kundi hilo, hakuna kilichopatikana. Hatari yake ya kuwa mbebaji imeshuka hadi kama moja kwa 380. Mpime mtu huyo huyo kwa kifaa kilichotengenezewa watu wengine, kinachonasa asilimia 40 tu: hatari imeshuka hadi moja kwa 33, hatua ndogo mno kutoka pale alipoanza. Karatasi zote mbili zitasomeka "hakuna hitilafu iliyopatikana". Ripoti isiyoandika namba ya hatari iliyobaki, na iliikokotoa kwa kundi lipi, irudishwe maabara.

Na hiyo "mmoja kwa 20" ilitoka wapi? Hapa ndipo jina la kabila linapomgeuka hata mtafiti. Sensa ya Slovakia ya 2011 iliandikisha watu 105,738 waliojitaja kuwa Waroma. Orodha ya makazi ya Waroma iliyofanywa 2013, ambayo iliwahesabu watu wanaochukuliwa na wenyeji wa eneo kuwa Waroma, ilifikia 402,840. Nchi ile ile, miaka miwili tu katikati. Tuseme kuna wagonjwa 100 wanaojulikana. Kwa namba ya kwanza ugonjwa ni mmoja kwa watu 1,057. Kwa ya pili, mmoja kwa 4,028. Hakuna jeni iliyobadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa. Na wanaokataa kujitaja kwenye sensa wana sababu, tutaziona.

Kuna kosa jingine, la mduara. Mtafiti anataka sampuli za "Waroma halisi". Anakwenda kwenye kitongoji kilichojitenga zaidi, anawaacha wenye mzazi wa nje, anawaacha walioishi mjini miaka mingi, kisha anapima na kutangaza kwamba Waroma wamejitenga kijenetiki. Kujitenga alikuingiza yeye mwenyewe siku ya kuchagua. Wa kulinganishwa nao, "umma wa kawaida", huchukuliwa bila maswali, na ndani yake wamo Waroma ambao hakuna aliyewauliza. Veronika Lipphardt, Gudrun Rappold, Mihai Surdu na wenzao, katika jarida la Nature mwaka 2021, walipitia zaidi ya machapisho 450 yaliyotumia vinasaba vya Waroma katika kipindi cha karne moja, na wakakuta mambo kama haya yakijirudia, pamoja na ridhaa zisizoeleweka na sampuli zilizozunguka kutoka mradi hadi mradi.

Kwa nini mtu akatae kuandikwa

Mwaka 1919 Ludwik na Hanna Hirszfeld walichapisha vipimo vya makundi ya damu vya askari wa mataifa mengi waliokuwa Thessaloniki, wakatunga namba inayolinganisha wenye damu ya A na wenye B. Miaka miwili baadaye, Debrecen nchini Hungaria, Verzár na Weszeczky waliipima kwa Wahungaria, Wajerumani na Waroma. Waroma walipata chini ya 1, karibu na Wahindi; wengine wawili juu ya 1. Kama ushahidi wa historia lilikuwa jambo la kuvutia. Lakini tangu hapo damu ya Mroma ikawa kitu cha kukusanywa.

Mwaka 1936 daktari Robert Ritter alipewa ofisi ya utafiti wa "usafi wa mbari" katika Ujerumani ya Wanazi. Timu yake ilizunguka makambini ikichukua damu, ikipima vichwa, ikichora nasaba. Msaidizi wake Eva Justin alijifunza Kiromani, akazoeleka, na wazee wakamsimulia nani ni mtoto wa nani. Kufikia 1944 ofisi ilikuwa imetoa hati kama 24,000, kila moja ikimtaja mtu kuwa "kamili" au "mchanganyiko". Polisi walizitumia hati hizo kupeleka familia Auschwitz kufuatia amri ya Desemba 1942. Waroma na Sinti waliouawa na Wanazi na washirika wao ni laki kadhaa. Huko Auschwitz, Josef Mengele alituma macho ya watu wa Sinti waliokufa kwenda taasisi ya jenetiki Berlin, kwa ajili ya utafiti wa rangi ya mboni.

Ritter baada ya vita aliajiriwa tena kama daktari, Frankfurt. Nasaba zake ziliendelea kupita mikononi mwa wasomi, hadi 1981 wanaharakati wa Sinti walipoikalia hifadhi ya Chuo Kikuu cha Tübingen na kuzitoa. Msomaji wa Rwanda au Burundi, anayejua kitambulisho cha enzi ya Mbelgiji kilivyoandikwa na kilivyotumika baadaye, hahitaji maelezo zaidi hapa.

Basi yamepita? Aprili 2007 polisi wa kike aliuawa Heilbronn, Ujerumani. Kwenye gari lake vilikutwa vinasaba vya mwanamke ambaye tayari alikuwa ameonekana kwenye matukio mengine. Mwishowe yalifika kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa. Vinasaba vilichunguzwa asili, vikasemwa ni vya Ulaya Mashariki, na upelelezi ukawageukia pia Sinti na Waroma waliokuwa karibu na eneo lile. Machi 2009 ikabainika: mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba za kuchukulia sampuli. Pamba zilikuwa zimetakaswa dhidi ya bakteria, lakini utakasaji huo huacha vinasaba vya kutosha kupimika. Kila ilipopelekwa pamba, "muuaji" alifika. Wauaji wa kweli, waliojulikana 2011, walikuwa kikundi cha Wanazi mamboleo.

Nini kiulizwe, nini kiandikwe

Wanaosema "futeni kabisa habari ya asili" wanamsahau yule mtoto wa CTDP1. Wanaosema "andikeni tu, ni sayansi" wanamsahau mama wa Slovakia. Daktari makini hulikwepa neno lenyewe kwa kuuliza kitu sahihi zaidi. Babu na bibi wanne walizaliwa mji gani au kijiji gani? Nyumbani kwao wanasema lugha gani? Wao wenyewe wanajiita nani, kama wanapenda kusema? Kuna ndugu aliyepoteza macho, usikivu au nguvu za miguu utotoni, akiwa na umri gani? Babu na bibi wana undugu? Haya huulizwa wagonjwa wote, wenye majina ya Kijerumani pia, na kabla ya swali la kwanza mgonjwa anaambiwa jibu litatumika kuchagua kipimo gani.

Kisha kipimo huanza na dalili, asili ikifuata. Dalili zikifanana na ugonjwa unaojulikana kwenye ukoo ule, anza na hitilafu hiyo moja. Isipopatikana, panua, maana Mroma naye anaweza kuugua ugonjwa wa kawaida wa Ulaya, na kuna watoto waliocheleweshewa tiba kwa sababu daktari aling'ang'ania orodha ya "magonjwa ya Waroma". Ukiagiza usomaji wa eksoni zote, iulize maabara kwa maandishi kama herufi ya 389 ya introni ya sita ya CTDP1 imesomwa.

Ridhaa zitenganishwe: kupima leo kwa tiba ni karatasi moja, kutunza sampuli ni nyingine, utafiti ni nyingine, kuipeleka nje ya hospitali ni nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inaweka asili ya kikabila na data za jeni katika kundi linalolindwa zaidi, kwenye kifungu cha 9. Wanaojaza fomu kwa haraka hugonga tiki zote nne kwa pamoja.

Pale inapowezekana, kupima kila mtu ndiyo njia safi. Uingereza ni mfano mzuri, na unawagusa wengi wetu waishio kule: mama mjamzito katika maeneo yenye selimundu kidogo hujaziwa dodoso la asili ya familia, ya kwake na ya baba wa mtoto, ili iamuliwe apimwe au la, lakini kichanga chochote, awe wa nani, hupimwa selimundu kwa tone la kisigino bila swali lolote la asili. Dodoso linaweza kukosea. Tone halina pa kukosea namna hiyo, na ni vyema, maana selimundu ipo India, Omani na Ugiriki pia.

Marekani walijifunza kwa figo. Kanuni ya 2009 ya kukadiria kazi ya figo ilizidisha matokeo ya mtu mweusi kwa 1.159. Mkenya au Mtanzania aliyepata 52 alisomeka 60, na 60 ndiyo mstari: chini yake ni ugonjwa wa figo, juu yake ni "subiri". Kanuni mpya ya 2021 iliondoa kizidishi hicho, na tangu 2023 hospitali za upandikizaji zilitakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda wa foleni walioupoteza. Rangi ilikuwa imewekwa pale pa kitu ambacho kingeweza kupimwa moja kwa moja.

Kwa kichanga wetu wa wiki tatu, basi, mahali pa ule mstari wa Slovakia faili lingesomeka hivi: "Babu na bibi wa pande zote wamezaliwa wilaya ya Lom, Bulgaria. Mjomba alipata mtoto wa jicho akiwa na miezi miwili. Mama ameelezwa, amekubali GALK1 (P28T) na jumla ya galaktosi vipimwe. Maziwa ya soya yameanza leo. Hajakubali sampuli itunzwe. Iharibiwe majibu yakitoka."